Tembe la Kwihara ni la Nani?

Mgeni afikapo Tabora na kuuliza mahali pa kihistoria, aghalabu huelekezwa Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, kwenye tembe linalojulikana kwa jina la Livingstone. Jina hilo halina budi kujadiliwa, kwani jina la nyumba si neno tupu. Ni hukumu juu ya nani alikuwa mwenyeji na nani alikuwa mpita njia.

Livingstone na Stanley waliwasili hapo kutoka Ujiji Februari 1872. Stanley akaondoka Machi. Livingstone akabaki hadi Agosti. Alikuwa akingoja nini? Alingoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kumpelekea kutoka pwani. Bila mabega yao, daktari huyo mashuhuri hakuweza kuendelea na safari. Na alipofariki mwaka 1873, wafuasi wake Waafrika, wakiwamo Susi na Chuma, waliubeba mwili wake, wakapita nao Unyanyembe na kuufikisha Bagamoyo mwaka 1874. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu wa miezi sita hatukumpa jembe, tumempa nyumba!

Tena nyumba yenyewe haikuwa yake. Ilikuwa ya wafanyabiashara wa Kiarabu, nao waliijenga kwa mtindo wa bara: udongo, miti na paa bapa. Hata njia iliyowaleta haikuwa uvumbuzi wa wageni, kwani Wanyamwezi walikuwa wakipeleka pembe za ndovu pwani kabla misafara ya pwani haijazoea kuja kwao.

Wako watakaosema kwamba Livingstone aliupinga utumwa, hivyo anastahili heshima. Hatubishi. Tunachokataa ni heshima ya mtu mmoja kuwa pazia la kuwaficha maelfu. Kijana wa Tabora anayemjua Livingstone lakini hamjui Mtemi Isike amefundishwa nusu ya historia, tena ile isiyomhusu sana. Isike ndiye aliyewapinga Wajerumani hapa Unyanyembe, na ngome yake ilipovunjwa Januari 1893 aliwasha baruti ili asitekwe akiwa hai.

Hatusemi majengo ya wageni yabomolewe. Boma la Wajerumani lihifadhiwe, na stesheni ya reli iliyofika Tabora mwaka 1912 itunzwe. Lakini vyote visimuliwe pamoja na jasho la waliovijenga. Shule ya Tabora ilianzishwa katika miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu, nayo ikamlea Julius Nyerere, aliyeingia mwaka 1937. Mwaka 1958, katika mji huohuo, aliuongoza mkutano wa TANU uliokubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu. Hivyo ndivyo jengo la mtawala linavyogeuka kuwa mali ya wananchi: kwa kutumiwa na kusimuliwa upya.

Sheria ya Mambo ya Kale tunayo tangu mwaka 1964. Lakini sheria hulinda ukuta, haiulindi ukumbusho. Udongo wa tembe huliwa na mvua kila masika, na usiposiliwa huanguka. Kumbukumbu nayo ni vivyo hivyo. Basi tembe la Kwihara lisiliwe, na mlangoni pake wapagazi watajwe kwanza, ndipo mgeni wao afuate.