Shimo Walilorithi Watu wa Sandstone

Nyinyi mkaao Kolwezi, Likasi au Lubumbashi hamna haja ya kufundishwa maana ya karieri. Ni shimo ambamo mkate wa nyumba nyingi ulitoka. Baba alishuka humo alfajiri na kupanda jioni, na watoto walisomeshwa kwa jasho lake. Lakini siku kazi inapokwisha, kampuni huondoa mashine zake, mapipa yake na karani wake. Shimo halichukuliki, nalo hubaki. Mvua hulijaza maji, majani huota pembeni, na watoto huanza kulizunguka kwa udadisi. Basi twauliza: shimo lililoachwa ni la nani?

Leo twawaalika kwenda mbali, hata Marekani, katika jimbo la Minnesota linalopakana na Kanada. Huko, mwendo wa kilometa zipatazo 140 kaskazini ya mji wa Minneapolis, uko mji mdogo uitwao Sandstone, na tafsiri ya jina hilo ni «jiwe la mchanga». Mto Kettle umekata bonde katika mwamba wa namna hiyo, mwekundu kidogo na wa manjano. Wataalamu wa mawe wasema kwamba ulikuwa mchanga mtupu uliotandazwa karibu miaka milioni elfu moja iliyopita, ukashikamana polepole hata ukawa jiwe la kujengea.

Kazi ya kulichimba ilianza mnamo 1885. Wachimbaji hawakupenda kutumia baruti nyingi, kwa sababu baruti hupasua jiwe ovyo. Walitoboa matundu membamba kwa mstari mmoja, wakatia katika kila tundu vibao viwili vya chuma na kabari katikati yake, kisha wakapiga kabari moja baada ya nyingine, taratibu, wakirudia tangu mwanzo wa mstari mpaka mwisho. Mwishowe pande zima lilijitenga kwa mstari ulionyoka. Jiwe la bonde hilo lilitandikwa barabarani na kujengwa majumba. Jengo la Pillsbury Hall katika Chuo Kikuu cha Minnesota, lililomalizika mwaka 1889, ni la mawe ya mchanga ya upande huo. Wachonga mawe nao walilipa kwa njia yao, maana vumbi la jiwe la mchanga likivutwa miaka mingi huharibu mapafu. Wajane wa wachimbaji, huko na huku kwetu, wanakijua kikohozi hicho.

Tarehe 1 Septemba 1894, baada ya ukame mrefu, moto wa msitu uliuangamiza mji jirani wa Hinckley, ukafika Sandstone. Watu zaidi ya 400 walikufa katika nchi hiyo nzima. Treni iliyojaa wakimbizi ilivuka daraja refu la Mto Kettle likiwa limekwisha kushika moto, na punde daraja likaanguka. Wenyeji wengi wa Sandstone waliokoka kwa kukimbilia majini, chini ya kuta zile zile walizokuwa wakizichimba.

Mji ulijengwa tena, lakini biashara ya mawe ilikuwa inaelekea jioni yake, kwani wajenzi walianza kupenda chuma na saruji. Juu kidogo ya mto palikuwa na kijiji cha Banning, chenye wachonga mawe wengi katika siku zake njema. Machimbo yake yalifungwa mwaka 1905, na kufika 1912 kijiji kilikuwa kimehamwa. Leo wageni hutembea huko kati ya magofu, ndani ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1963. Sandstone haukuhamwa. Ulibaki na watu wake, na shimo lake.

Tushuke sasa tulione. Machimbo hayo yamekuwa bustani ya mji, yaitwayo Robinson Park, kando ya mto. Mgeni hupita kati ya miti iliyoota juu ya vifusi, kisha mbele yake husimama kuta za mwamba zilizonyoka kama ukuta wa kanisa. Akikaribia huona alama ambazo mvua ya miaka mia haijazifuta: mifereji myembamba ya wima, kila mmoja nusu ya tundu alilotoboa mchimbaji. Katika kuta hizo watu hupanda kwa mikono na miguu, wakishika kingo ambazo pengine hazizidi upana wa kidole. Hawapandi ili kuchukua kitu juu. Wapanda kwa kupanda.

Twasikia msomaji akisema: huu ni wazimu wa wenye kushiba. Tungemkubalia kama wangepanda bila kamba. Lakini tazama wanavyofanya. Apandaye amejifunga mkanda imara kiunoni na mapajani. Kamba yatoka kwake, yapanda hata pete za chuma zilizotiwa ndani ya mwamba juu, yashuka hata kwa mwenzake aliyesimama chini, na hapo yapita katika chombo kidogo cha kuibana. Mwenzake huvuta kamba kadiri mpandaji anavyoendelea, wala mkono wake wa chini hauiachi hata mara moja. Mguu ukiteleza, kamba hukaza, na aliyeanguka huning'inia badala ya kufa. Kabla ya kuanza, kila mmoja hukagua fundo la mwenziwe, hata wakiwa wamepanda pamoja miaka kumi. Mama aweza kumshikia mwanawe kamba. Kijana wa kutosha umri, akiisha kufundishwa, aweza kumshikia baba yake. Kwa maoni yetu hilo ndilo la kutazamwa pale, kuliko wepesi wa mpandaji: kijana aliyezoea kuambiwa anyamaze, sasa ameshika uhai wa baba mkononi, na baba amekubali.

Iko na adabu ya jiwe lenyewe. Jiwe la mchanga hunywa maji, na likilowa hupoteza nguvu. Ukingo uliobeba watu elfu huweza kumeguka siku moja baada ya mvua. Kwa hiyo mpandaji mwenye akili hungoja likauke ndani pia, si juu tu.

Na kama mtu angali anadhani kwamba mchezo huu haupatani na utu wa mkristo, tumkumbushe Padri Achille Ratti wa Milano, ambaye mwaka 1889 aliupanda Monte Rosa kwa upande wake mkali wa mashariki. Mwaka 1922 ndiye aliyekuwa Papa Pius XI, na mwaka uliofuata alimtangaza Mtakatifu Bernardo wa Menthon kuwa msimamizi wa wapanda milima.

Mji wa Sandstone haukutajirika kwa bustani hii. Wapandaji wa kujitolea husaidia kuzitunza njia za mwambani, na sheria za Minnesota humpunguzia lawama mwenye ardhi anayewafungulia watu bila malipo. La sivyo, wengi wangeona ni afadhali kuweka ua na kufuli. Hatusemi kwamba kuta za Kolwezi zipandwe. Kwetu mashimo mengi hayajaachwa kweli: mwezi wa Juni 2019 watu zaidi ya 30 walifukiwa katika mgodi mmoja wa huko, nao walikuwa wakichimba kwa mikono kutafuta chakula. Ardhi iliyochoshwa kwa kuchimbwa huanguka, na maji yake si ya kuogea. Lakini halmashauri ya mji ule mdogo ilikubali neno moja ambalo kwetu ni machache mabaraza yaliyolitamka: kwamba shimo ni letu, ingawa faida yake ilikwenda na wengine.

Wakati wa baridi kuta zile hubadilika kabisa. Wapandaji hutandika mabomba juu ya ukingo na kuyaacha maji yatiririke usiku, nayo huganda yakining'inia kama mapazia meupe. Hapo watu hupanda kwa shoka ndogo mikononi na meno ya chuma chini ya viatu, na mara kwa mara hufanya sikukuu ya kufundisha wageni. Jua likipata nguvu, barafu huanguka vipande vipande, maji yake hurudi katika Mto Kettle, na kuta huachwa zikauke kabla ya kamba kufungwa tena.