Asikiri Kosa Kabla Mawakili Hawajasoma Hati

Mmoja wetu hapa Texas akikamatwa usiku akiendesha gari amelewa, kufikia alfajiri mchango umeshafunguliwa. Watu wanatoa walicho nacho, dhamana inalipwa, ndugu anarudi nyumbani. Moyo huo wa kuchangiana ndio unaoishikilia jumuiya yetu, na hatuna neno la kuupinga. Tatizo ni kinachofuata. Dhamana ikishalipwa, mfuko huwa umekauka na simu zimenyamaza, na mshtakiwa anakwenda mahakamani akiwa na wazo moja tu: akiri upesi, alipe faini, awahi zamu yake ya kazi. Kwa raia, uamuzi huo una gharama yake. Kwa asiye raia unaweza kumfungia mlango wa nchi hii, na ndiyo maana tunasema mchango wetu umtangulize wakili wa jinai anayeshauriana na wakili wa uhamiaji, na mshtakiwa asikiri lolote kabla hao wawili hawajaisoma hati ya mashtaka.

Chukua mfano wa nafuu ambayo Texas iliiruhusu tangu Septemba 2019 kwa anayeshtakiwa mara ya kwanza, ambaye kipimo chake cha pombe hakikufika 0.15. Unakiri, hakimu anaahirisha kukutia hatiani, unawekwa chini ya uangalizi kwa muda, na ukiumaliza salama kesi inafutwa. Wengi wanatoka mahakamani wakiamini hawana rekodi. Lakini sheria ya uhamiaji ya shirikisho, kama ilivyorekebishwa mwaka 1996, ina hesabu yake: ukikiri kosa na hakimu akakuwekea adhabu au kizuizi chochote cha uhuru, tayari umetiwa hatiani. Kufutwa kwa kesi Texas hakuifuti huko. Fomu ya kuomba uraia nayo inauliza kama umewahi kukamatwa, hata kama faili limefungwa, na anayejibu hapana anajiongezea kosa la kusema uongo.

Ni kweli kwamba kosa moja la kawaida la ulevi barabarani, peke yake, kwa kawaida halimfukuzishi mwenye kadi ya kijani. Mwaka 2004, katika kesi ya Leocal, Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kulihesabu kosa la aina hiyo kuwa uhalifu wa nguvu. Asitulie nalo mtu. Mwaka 2019 Mwanasheria Mkuu wa Marekani aliamua kwamba aliyetiwa hatiani kwa ulevi barabarani mara mbili au zaidi katika kipindi kinachochunguzwa achukuliwe kuwa hana mwenendo mwema mpaka athibitishe vinginevyo; ombi la uraia linaweza kukwama hapo. Mwanafunzi mwenye viza anaweza kufutiwa viza hiyo kwa kukamatwa tu, kabla hakimu hajasema neno. Na ukiwa na mtoto wa chini ya miaka 15 garini, Texas inalipandisha kosa la kwanza kuwa jinai kubwa yenye kifungo cha hadi miaka 2. Kosa la tatu ni miaka 2 hadi 10. Kuua mtu ni hadi 20.

Tunasikia wanaosema mawakili wawili ni anasa. Asiye na uwezo, anayekabiliwa na kifungo, ana haki ya kuomba wakili wa kuteuliwa na mahakama, na tangu hukumu ya Padilla ya mwaka 2010 wakili yeyote wa jinai, hata huyo wa bure, anawajibika kumweleza mteja hatari ya kufukuzwa nchini kabla hajakiri. Ila wakili hawezi kujua usipomwambia. Wengi wetu huficha hali ya makaratasi hata mbele ya mtetezi wao, kwa hofu, na hofu hiyo inawaponza kuliko mwendesha mashtaka.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaouliza kwa nini tumtetee mtu aliyehatarisha maisha ya watoto wa wenzake. Ulevi barabarani unaua zaidi ya watu 10,000 kila mwaka Marekani, na anayekasirika ana haki yake. Hatuombi kosa lisamehewe. Tunasema adhabu ya kosa iwe ile iliyoandikwa kwa kosa hilo, na ushahidi upimwe kwanza: polisi awe na sababu halali ya kusimamisha gari, na mashine ya pumzi iwe imehakikiwa. Wakili mzuri mara nyingi ndiye anayemsukuma mteja aanze tiba ya pombe mapema, jambo linalowalinda wengine barabarani kuliko faini iliyolipwa haraka.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, mkipigiwa simu ya mchango, ulizeni kwanza kama wakili amepatikana. Ulizeni pia tarehe ya notisi ya leseni, kwa kuwa Texas inatoa siku 15 tu za kuomba kusikilizwa kabla leseni haijasimamishwa. Madereva wa malori wasichelewe hata siku moja: dereva akitiwa hatiani, hata kama alikuwa kwenye gari lake binafsi siku ya mapumziko, leseni ya biashara inaondoka kwa mwaka mzima, na mara ya pili inaweza kuondoka maisha.