Nisaidie Kushika Simu, Lakini PIN Niachie

Tukiongea kuhusu PIN, mara nyingi tunaongea kuhusu matapeli: yule anayepiga akidai ametuma pesa kimakosa, ama yule anayejifanya mhudumu wa wateja. Leo nataka tuongee kuhusu mtu anayekupenda.

Chukulia mzee wa miaka 52 mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Nakuru. Anapata kiharusi. Anatoka hospitali akiwa hai, shukrani kwa Mungu, lakini mkono wa kulia hauna nguvu. Huo ndio mkono uliokuwa ukibonyeza simu, kuhesabu noti na kutia sahihi kwa ajenti. Akijaribu kutuma pesa kwa mkono wa kushoto, menyu inajifunga kabla hajamaliza. Mara ya tatu, binti yake anasema, "Lete baba, nikufanyie. PIN ni gani?"

Nia yake ni safi kabisa. Lakini baada ya wiki chache simu inakaa kwa binti, na ujumbe wa malipo anausoma yeye. Mzee akitaka kumtumia rafiki mia mbili, anaulizwa, "Za nini?" Mtu aliyelipa karo ya nyumba nzima sasa anaomba ruhusa ya kutumia pesa zake mwenyewe.

Wahenga walisema kabla hujafa hujaumbika. Sensa ya 2019 ilihesabu karibu Wakenya 900,000 wa miaka 5 na zaidi wenye ulemavu, na si wote waliozaliwa nao. Ajali ya boda boda, kisukari kinachoondoa mguu, mgongo kuumia kazini: yote haya humpata mtu ambaye tayari ana biashara, chama na madeni.

Maoni yangu ni kwamba kumnyang'anya mtu kama huyo simu yake, hata kwa upole, ni kumwongezea ulemavu. Mkono ukikosa nguvu, akili bado iko.

Kuna watakaosema, "Sasa nani atanunua dawa kama yeye hawezi kufika kwa ajenti?" Swali ni zuri, maana kuna wagonjwa ambao kweli kumbukumbu imeathirika, na hao familia inafaa ikae chini ipange utaratibu ulio wazi kwa kila mtu. Lakini kwa wengi, kuna njia:

1. Msaidizi ashike simu, aandike namba na kiasi. Ikifika pa kuweka PIN, ampe mwenyewe, kisha aangalie kando.

2. Badala ya kumpa mtu PIN akutolee pesa, mtumie kiasi unachohitaji kwa laini yake, akatoe yeye. Ndiyo, kuna ada ya kutuma, lakini kila shilingi inabaki na rekodi.

3. Kama simu ni smartphone, ongeza ukubwa wa maandishi. Kama unatumia alama ya kidole, sajili kidole cha mkono ulio na nguvu. Aliyepoteza uwezo wa kuona anaweza kuwasha sauti inayosoma skrini, avae earphone ili salio lisisikike na kila mtu.

4. Kama PIN ilishajulikana na watu wengi wakati wa ugonjwa, ibadilishe. Si kwamba unawashuku. Unarudisha mambo mahali pake.

Na nyinyi maajenti, hili linawahusu. Kaunta nyingi ziko juu, zina nyavu, na mlangoni kuna ngazi. Si lazima ubomoe duka. Toka nje na kile kitabu. Angalia kitambulisho na uso wa mteja, usimfukuze ati sahihi imebadilika, kwa sababu mkono wenyewe umebadilika. Halafu ongea na mteja mwenyewe, si anayesukuma kiti cha magurudumu. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kuheshimiwa na kufikia mahali na habari kama mtu mwingine yeyote.

Kama kwenu kuna mtu ambaye simu yake inakaa kwako tangu augue, mrudishie leo. Kaa karibu naye ajaribu kutuma hata shilingi hamsini, na akichelewa, mngoje.