Viwanja Tunavyo, Klabu Ziko Wapi?

Mnamo Juni 1, 2018, macho ya taifa zima yalielekezwa mjini Meru. Sherehe za Madaraka ziliandaliwa katika uwanja wa Kinoru, ambao ulikuwa umejengwa upya ukapendeza. Miaka mitano baadaye, Juni 1, 2023, ikawa zamu ya Embu, na uwanja wa Moi ukavishwa nguo mpya vivyo hivyo. Nami, mwalimu niliyekula chumvi nyingi upande huu wa mlima, nilifurahi pamoja na wenzangu. Lakini sherehe ina mwisho wake. Mahema yaling'olewa, waheshimiwa wakarejea Nairobi, na tangu hapo swali moja limekuwa likinikereketa: ni nani hasa wa kucheza humo?

Kinoru una kisa chake. Ukarabati wake ulianzishwa kwa ajili ya fainali za CHAN za mwaka 2018, yaani zile za wachezaji wanaosakata kandanda katika ligi za nchi zao. Septemba 2017 Shirikisho la Kandanda la Afrika lilitupokonya uenyeji kwa sababu ya maandalizi yaliyokokotwa, na Morocco ikapewa. Fainali hizo zilipotujia hatimaye Agosti 2025, kwa ushirikiano na Tanzania na Uganda, mechi za Kenya zilichezwa Kasarani na Nyayo. Kinoru ulizisikia redioni kama sisi wengine.

Si nia yangu kulilia fainali zilizopita. Ninalolililia ni jambo dogo zaidi, na kwa maoni yangu, lenye uzito zaidi. Tazama jedwali la Ligi Kuu ya Kenya la msimu wa 2024/25, ambao Kenya Police walitwaa ubingwa wao wa kwanza. Humo mlikuwa na timu kumi na nane. Kulikuwa na timu ya polisi, ya wanajeshi, ya benki, ya posta, ya bandari na ya kiwanda cha bia. Kulikuwa na Gor Mahia na AFC Leopards, wazee wa kazi. Kulikuwa na Shabana ya Kisii, Homeboyz ya Kakamega na Seal ya Murang'a. Ya Meru haikuwamo. Ya Embu haikuwamo. Tulikuwa na viwanja viwili vilivyogharimiwa kwa fedha za umma, na hatukuwa na jina hata moja jedwalini.

Ndugu msomaji, hebu tulinganishe na Kisii. Nao walijengewa uwanja kwa sababu ya sikukuu, maana Mashujaa ya Oktoba 2020 ilifanyika Gusii. Hadi hapo hatutofautiani nao. Tofauti ni kwamba Kisii walikuwa na klabu kabla ya kuwa na uwanja wa kupendeza. Shabana iliasisiwa mwaka 1980, na jina ikalipata kwa duka la vifaa vya ujenzi la mjini humo. Ilisumbua vigogo wa Nairobi kwa miaka mingi, kisha ikashushwa ngazi mwaka 2006. Miaka kumi na saba ikapita. Katika muda huo mtoto huzaliwa, akaingia darasa la kwanza, akakaribia kumaliza shule ya upili. Lakini wenyeji hawakuisahau. Iliporudi ligi kuu mwaka 2023, ilikuta mashabiki wangali wanasubiri, baadhi yao wakiwa watoto wa wale walioishangilia zamani, nao uwanja ukawa na mwenyewe.

Hapo ndipo ninapotaka tutie maanani. Uwanja hujengwa kwa miezi michache iwapo Rais anatarajiwa. Klabu haijengwi hivyo. Klabu ni kumbukumbu ya watu: nani alifunga bao gani, mwaka gani tulishuka, nani aliuza ng'ombe ili timu ipate nauli. Mambo hayo hayawezi kutolewa zabuni.

Wapo wanaotuambia kwamba watu wa mlima hawana hamu ya kandanda, kwamba sisi ni watu wa shamba, majani chai, kahawa na miraa. Maneno haya nimeyasikia hata katika vyumba vya walimu. Yana kasoro moja kubwa, nayo ni Murang'a. Hao ni majirani zetu wa mlima huu huu, wanachuma majani chai kama sisi, na mwaka 2023 timu yao ya Murang'a Seal ilipanda daraja pamoja na Shabana. Sioni kwamba udongo wao unapita wetu.

Wengine hudhani dawa ni kumtafuta tajiri. Historia ya kandanda yetu inatoa onyo. Kule Naivasha kulikuwa na Oserian, timu ya shamba la maua lililoanzishwa na familia ya Kiholanzi. Ilitwaa ubingwa wa nchi mwaka 2001, ikautetea 2002. Leo hii mwanafunzi wangu wa Kidato cha Nne hajapata kuisikia. Mwajiri alipoondoa mkono, hakukuwa na mkono mwingine wa kuishika. SoNy Sugar nayo ilikuwa bingwa mwaka 2006. Kiwanda kilipoyumba, timu ikashindwa kufika uwanjani, na mwaka 2019 ikafukuzwa ligini. Isitoshe, jina la mlima wetu lenyewe limekwisha kutumiwa. Timu ya maduka ya Nakumatt ilipokosa mfadhili kwa kuporomoka kwa maduka hayo, ilibadilishwa jina mwaka 2018 ikaitwa Mount Kenya United. Haikuzaliwa mlimani wala mlima haukuijua. Mwaka uliofuata nayo ilitimuliwa kwa kukosa kufika mechini. Jina kubwa halileti nauli.

Kwa kuwa nimewataja Waholanzi, na niwaongezee neno. Vijana wetu wanaijua Ajax kuliko wanavyojua timu yoyote ya kaunti yao, na hudhani kwamba kule kila klabu huogelea katika fedha. Sivyo hata kidogo. Uholanzi ilikubali kandanda ya kulipwa mwaka 1954 tu. Vilabu vingi vidogo vilivyoingia humo vilikuwa tayari ni vyama vya wanachama: mtu analipa ada, mwanawe anacheza timu ya watoto Jumamosi, na mama au baba anajitolea kuuza kahawa kando ya uwanja. Hata hivyo baadhi yavyo vilikufa. Klabu ya Haarlem iliasisiwa mwaka 1889, ikawa bingwa wa nchi mwaka 1946, na ndiyo iliyompa Ruud Gullit nafasi yake ya kwanza katika kandanda ya kulipwa, yule aliyekuja kutawazwa mchezaji bora wa Ulaya mwaka 1987. Januari 2010 Haarlem ilifilisika. Lakini zingatia kilichofuata: upande wa kulipwa ulikufa, na kandanda ya ridhaa ikaendelea, jina likaunganishwa na la klabu jirani. Mti ulikatwa, kisiki kikachipuka. Oserian haikuwa na kisiki.

Basi kisiki chetu kitakuwa nini? Wengi watajibu haraka: serikali ya kaunti. Mimi sikubali. Kaunti itunze uwanja, ifyeke nyasi, ipunguze ada ya kuutumia, na hapo itakuwa imefanya kazi ya maana sana. Ikimiliki timu, timu itakuwa ya gavana, na magavana wana miaka mitano, wakibahatika kumi. Anayefuata atataka timu yenye rangi zake.

Jibu, nionavyo, tunalo nyumbani, na ni ajabu kwamba hatulioni. Ni wapi katika Kenya watu wanaelewa ushirika kuliko huku kwetu? Mkulima wa Kionyo, wa Githongo, wa Mungania au Rukuriri ana hisa katika kiwanda kinachosindika majani yake. Anachagua wakurugenzi, anahudhuria mkutano mkuu, anauliza maswali makali kuhusu bonasi, na akidanganywa hupiga kelele hadi Nairobi isikie. Vyama vyetu vya akiba na mikopo vimesomesha madaktari na wahandisi. Mtu anayejua kumiliki kiwanda pamoja na majirani elfu kadhaa anashindwaje kumiliki klabu ya kandanda pamoja nao? Tufanye hesabu ya darasani: wanachama elfu tano, kila mmoja shilingi mia moja kwa mwezi, ni shilingi nusu milioni. Sidai kwamba fedha hizo zinatosha ligi kuu. Nadai kwamba ni fedha ambazo hakuna mfadhili anayeweza kuondoka nazo.

Najua nitaambiwa kwamba ushirika nao una wezi. Kweli, unao. Gor Mahia na AFC Leopards ni vilabu vya jamii, na migogoro ya viongozi wao tumeisoma magazetini tangu tukiwa vijana. Hata hivyo vingali hai. Waajiri wamekuja na kuondoka, na timu zao zimeondoka nao, lakini vilabu hivyo viwili vimevuka madhila yote kwa sababu wenyewe wake ni wengi mno kuchoka kwa pamoja.

Sehemu yetu sisi walimu si ndogo. Chama cha vijana cha Mathare kilianzishwa mwaka 1987 na Mkanada Bob Munro kwa ajili ya watoto wa mitaa ya mabanda, na timu zake zilipewa pointi si kwa kushinda tu bali pia kwa kuzoa taka. Mwaka 1994 kikazaa Mathare United, na mwaka 2008 timu hiyo ikawa bingwa wa Kenya. Ilianza na watoto, si na nyota walionunuliwa. Sisi watoto tunao tayari, wamevaa sare, wamepangwa kwa mistari kila asubuhi. Katika mashindano ya shule za upili nimeona mwaka baada ya mwaka vijana wenye miguu ya dhahabu. Wakimaliza Kidato cha Nne hawana pa kwenda na vipaji vyao. Mmoja hupanda matatu kwenda Nairobi kujaribu bahati katika timu asiyomjua mtu ndani yake. Tisa huuza miraa au huendesha bodaboda, na ifikapo umri wa miaka ishirini na mitatu huwa wamekwisha sahau kwamba waliwahi kushangiliwa.

Nawaomba walimu wenzangu wa historia na Kiswahili jambo moja ambalo halina gharama. Watumeni wanafunzi wakawahoji wazee wa Chuka, Nkubu, Maua, Runyenjes na Siakago kuhusu timu za zamani za masoko, misheni na viwanda. Wayaandike majina na miaka, na mabao yaliyobishaniwa. Insha kama hizo ndizo zitakazokuwa daftari la kwanza la klabu ambayo bado haijazaliwa, na mwanachama wa kesho atajua anachojiunga nacho.

Nao wakulima wana mikutano yao mikuu ya kila mwaka. Ajenda ni ndefu, nakubali, lakini baada ya bei ya mbolea na kabla ya mengineyo, nafasi ya kandanda haiwezi kukosekana.