Karanga za Nachingwea na Mantiki ya Russell

Wasomaji, mmeshawasikia wanaosema Bertrand Russell, mwanafalsafa Mwingereza, hana la kumfaa mtu wa Nachingwea wala Ruangwa, kusini mwa Tanzania. Nazichukua hoja zao moja moja. Hukumu ni yenu.

Wanadai mantiki yake ni mchezo wa wasomi, na mfano wanaoupenda ni mfalme wa sasa wa Ufaransa, aliyemtaja katika makala yake ya mwaka 1905. Ni kweli, mfalme huyo hayupo. Lakini Russell alionyesha kwamba anayemzungumzia mfalme huyo ameshadai kuwa yupo, na kwa kuwa hayupo, kauli nzima ni ya uongo hata ikipangwa vizuri namna gani. Sasa pimeni kauli hii ya mradi wa karanga ambao Serikali ya Uingereza iliuendesha Tanganyika: mzigo wa karanga wa Nachingwea utahitaji reli na bandari. Reli ikafika Nachingwea, bandari ikajengwa Mtwara, mzigo haukuwapo. Miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Huo ulikuwa mchezo wa nani?

Wanadai mradi uliangushwa na ardhi, misitu na mvua, wala si fikra mbovu. Vikwazo hivyo vilikuwapo kweli, tena vilikuwapo kabla ya mradi. Mwaka 1946 ujumbe wa Wakefield, uliotumwa kuchunguza kama mradi unafaa, ulizunguka wiki tisa tu, kisha vikapangwa vitengo 107 vya ekari 30,000 kila kimoja, 55 kati yake katika Jimbo la Kusini. Watetezi wanasema mpango ulikuwa wa kisayansi, na papo hapo wanasema ardhi iliwashtukiza wataalamu. Hayo mawili hayakai pamoja. Mradi ulipofutwa mwaka 1951, zaidi ya pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea.

Wanadai kudai ushahidi kwanza ni kuua maendeleo. Russell hakudai yakini. Alidai imani isizidi uzito wa ushahidi wake. Ushahidi mdogo unatosha kwa shamba la majaribio, hautoshi kwa ekari milioni 3. Mkulima wa Ruangwa anayejaribu mbegu mpya ya ufuta kwenye kipande kimoja kabla ya kuipanda shamba zima anaifuata kanuni hiyohiyo, na hakuna anayemwita adui wa maendeleo.

Wanadai, mwisho, kwamba Russell alikuwa kigeugeu: baada ya vita vya 1939–1945 alitaka Wasovieti watishwe kwa bomu la nyuklia, na mwaka 1961, akiwa na miaka 89, akafungwa kwa kulipinga. Kosa lake lipo: kwa muda alikana kwamba aliwahi kusema hivyo. Lakini mwaka 1949 Wasovieti nao walilipata bomu, hali ikabadilika, na msimamo ulipaswa kubadilika. Wanaomlaumu kwa hilo ndio wanaowasifu wakubwa wa mradi wa karanga kwa kushikilia mpango huku mashamba yakiwakanusha.

Alan Wood, aliyeshughulikia habari za mradi huo, aliandika kitabu juu yake mwaka 1950. Mwaka 1957 akaandika wasifu wa Russell. Yeye hakuona kwamba mambo hayo yako mbali. Kwa ushahidi huu, nanyi hamna sababu ya kuona hivyo.