SIHA YA NYUMBA: Mayai ya Mbu na Damu ya Watoto Wetu

Wengi wetu hudhani kwamba mbu hutuuma kwa njaa yake. Sivyo. Chakula kimpacho nguvu ya kuruka ni maji matamu ya maua na mimea, nacho hunywewa na dume na jike. Dume hamuumi mtu kamwe. Jike ndiye atafutaye damu, na huitafuta kwa ajili ya mayai yake. Mdudu huyu ametajwa katika Suratul Baqara, aya ya 26, na mwenye kuzingatia hupata kwake mafunzo makubwa.

Ndani ya damu mna protini. Jike huisaga tumboni mwake hata ikawa asidi-amino, na hizo ndizo ziamshazo kazi ya uzazi. Kiungo chake cha mafuta, ambacho kazi yake yafanana na ya ini letu, hutengeneza chakula cha kutiwa katika kila yai. Penye joto kazi hiyo huisha kwa siku mbili tatu, akataga mayai makumi kwa makumi, pengine zaidi ya mia, juu ya maji yaliyotuama. Kisha hurudi vitandani, kwani kila uzao wataka damu yake. Hapo ndipo penye balaa: amnyonyaye mgonjwa wa malaria kwa uzao mmoja, aweza kumtia mwingine vijidudu kwa uzao wa baadaye.

Natuitazame Ufipa. Mji wa Sumbawanga uko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa liko bondeni, kiasi cha mita 800. Baridi ya juu hukawiza usagaji wa damu na ukuaji wa mayai. Joto la bonde huuharakisha. Lakini sisi wa juu tusijidanganye. Mwili usioizoea malaria hauna kinga kubwa, na mtoto apelekwaye kwa jamaa zake bondeni bila ya chandarua huingia hatarini.

Tena kuna jambo ambalo wakulima hatulifikirii. Viluwiluwi vya mbu navyo vyahitaji kula, na chakula chao kimo ndani ya maji. Wataalamu waliochunguza nchini Ethiopia walieleza mwaka 2000 kwamba chavua ya mahindi, ule unga wa manjano udondokao kutoka katika mbelewele, ikiangukia vidimbwini huwanenepesha viluwiluwi wa mbu wa malaria. Aliyekula vizuri utotoni hutoka mbu mkubwa, mwenye akiba mwilini na mayai mengi. Aliyekonda hulazimika mara nyingi kunywa damu zaidi ya mara moja ndipo apate mayai ya kwanza. Nasi Ufipa twalima mahindi hadi ukutani, na kando yake tumeacha mashimo tuliyochimba udongo wa matofali, yakajaa maji ya masika.

Basi kazi yetu ni mbili: kumnyima mama damu, na kuwanyima watoto wake maji. Kila alalaye nyumbani, mkubwa na mdogo, alale ndani ya chandarua chenye dawa, kilichoshonwa matundu na kuchomekwa chini ya godoro. Mama mjamzito na mtoto mchanga watangulizwe. Mashimo yaliyo karibu na nyumba yafukiwe kabla ya mvua za Novemba, na lisilofukika mahindi yasipandwe ukingoni mwake. Mtoto akishikwa na homa, apelekwe kupimwa siku ile ile.

Wenyeji husema kwamba jina la Sumbawanga maana yake ni kuutupa uchawi. Jina jema hilo, na linatustahiki. Mtoto akitetemeka kwa homa, tusimtafute jirani wa kumtuhumu. Dhana mbaya ni dhambi, na saa zinazopotea katika tuhuma ndizo malaria huzitumia kuua. Mshitakiwa wetu tumekwisha mjua, na shimo alilozaliwa liko nyuma ya jiko letu.

Tawakali haimwondolei mtu wajibu wa kufanya sababu. Tukiisha kufukia na kufunika, ndipo tuinue mikono yetu kumwomba Mola atuhifadhie watoto wetu. Wa billahi taufiq.