Chaja ya gari la umeme nyumbani: kW 7 zote za nini?

Anayenunua Nissan Leaf mtumba kutoka Japani huvutiwa haraka na chaja ya ukutani ya kW 7. Aangalie gari kwanza. Kasi ya kuchaji huwekewa kikomo na kifaa kilicho ndani ya gari lenyewe, na Leaf nyingi za zamani huishia kW 3.3. Chaja kubwa hapo ni pesa imelala tu.

Soketi ya kawaida ya Kenya, ampea 13, hutoa karibu kW 3. Betri ya kWh 24 inajaa usiku mmoja watu wakiwa usingizini. Tatizo ni joto: soketi iliyochoka haiwezi kubeba mzigo huo saa nane au kumi mfululizo. Plagi ikianza kuchoma mkono, chomoa. Pesa iliyookolewa kwenye chaja imlipe fundi avute laini ya peke yake, waya mnene wenye erthi.